NGC 4993 si galaksi mfu hivyo

Kijana mmoja kwenye kikundi chetu cha wapenda nyota hapa Malindi anashikilia kwamba NGC 4993 ni galaksi iliyokufa, yaani haizai nyota tena, na zile nyota mbili za nyutroni (masalia ya nyota kubwa zilizolipuka) zilizogongana mle zingegongana popote tu. Wengi wamemuunga mkono na hoja yake ina uzito, sikatai. Ni lentikula, yaani ina umbo la lenzi, imetuna katikati, bapa pembeni, mikono ya nyota iliyojipinda haina, gesi kidogo mno, nyota changa karibu hakuna. Lentikula nyingi huelezwa hivyo, zilikuwa na mikono zikaishiwa gesi zikatulia.

Lakini hebu muiangalie vizuri hii. Picha za darubini ya angani ya Hubble zinaonyesha pembeni yake magamba ya mwanga, tabaka kwa tabaka, na katikati mistari ya vumbi. Galaksi iliyoishiwa peke yake taratibu haipati magamba. Yanatokea ikimeza galaksi nyengine, nyota za ile iliyomezwa zinabaki zikienda na kurudi, zikifika ukingoni zinapunguza mwendo zinarundikana, ndo mwanga tunaouona. Na magamba hayadumu, manake mmezo wenyewe haujapita miaka bilioni 1.

Halafu hizo nyota mbili, hapo ndo mimi sibanduki. Nyota ya nyutroni hubaki baada ya nyota kubwa kulipuka, na nyota kubwa huishi miaka milioni kadhaa tu. Kama mle nyota changa hakuna, basi hizo mbili ni za zamani, zimezungukana pengine mabilioni ya miaka zikipoteza nguvu kidogo kidogo kwa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, mpaka ya mwisho yakatufikia 17 Agosti 2017, na sekunde 1.7 baadaye miale ya gama, ule mwanga wenye nguvu kupita wote, kutoka umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130! Wapo wataalamu waliosema ule mmezo ndo uliozikutanisha. Mimi naona umri wa nyota za mle unaegemea kwenye kungoja kurefu, na galaksi inayozaa nyota kila leo isingetuonyesha hilo, tungebaki kubahatisha kama hizo mbili ni za juzi au za kale. Uzee mnaoudharau ndo ushahidi wenyewe.

Na wa Malindi tusiseme haituhusu, satelaiti ya Swift iliuwahi mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, wa ule mgongano kabla haujafifia, na data za Swift hushushwa kwenye kituo cha anga cha Waitaliano hapa kwetu. Ila tukio moja halitoshi kusema lentikula ndo makao ya nyota hizi, hapo kijana yuko sawa.