Tela la Taa Zinazocheza

Tela langu lilianza kusema uongo barabarani. Nikikanyaga breki, zinawaka indiketa. Nikiwasha indiketa ya kulia, taa zote za nyuma zinapepesa kwa pamoja, kwa unyonge, kama macho ya mlevi anayeamshwa alfajiri. Nikiwasha taa za usiku halafu nikanyage breki, giza tupu. Aliyekuwa nyuma yangu alibaki na habari moja tu ya kuaminika: mbele yake kuna viti 200 vya plastiki na turubai, vinakwenda anakojua Mungu.

Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai, hapa Tabata. Ilikuwa Mfungo Mosi, harusi zimejipanga foleni, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akaona ni aibu tela liingie msimu likiwa na kutu. Akalipaka rangi. Shemeji akishika brashi huwa hajui pa kuishia. Alipaka chesisi, akapaka bawaba, akapaka bolti na nati zake, akapaka na mjusi mmoja aliyechelewa kukimbia. Nyuma akaandika kwa herufi nyeupe MWENYE WIVU AJINYONGE. Mwisho akachota grisi kiganja kizima akakipakaa kile kichwa cha chuma cha mviringo kwenye bampa, kinaposhikia tela, eti lisipige kelele.

"Shem, hilo sasa ni bibi harusi," akaniambia.

Tukaondoka magharibi, tunapeleka mzigo wa mkesha Mbagala Rangi Tatu. Tumeingia Mandela tu, konda wa daladala akatoa kichwa dirishani. "Mzee, unakata au hukati?" Nikamwambia nakwenda moja kwa moja. "Basi lifundishe hilo tela lako!"

Dereva wa bodaboda akaja ubavuni, akagonga mlango. Utambuzi wake: balbu. Wa pili akasema fyuzi. Wa tatu alikuwa na abiria nyuma, mama mtu mzima, na yule mama ndiye aliyetoa jibu akiwa amekumbatia kapu la nyanya: "Mwanangu, hilo limetupiwa kitu. Mlilipaka rangi bila kusoma dua." Nikamwangalia shemeji. Shemeji akaangalia nje.

Kufika Buguruni tukameza msafara wa harusi, au msafara ndio ulitumeza sisi, maana foleni ya Buguruni haina mwenyewe. Mbele yetu kirikuu kimebeba matarumbeta, nyuma yetu magari yenye maua na kina mama wamejitoa nusu mwili madirishani. Mimi nilikuwa nimewasha indiketa kwa shida zangu, natafuta upenyo nihamie kushoto. Tela likaanza kupepesa lote, na kwa bahati ambayo sijawahi kuielewa, likapepesa sawasawa na ngoma ya wale vijana. Dum, taa. Dum, taa. Nyuma vigelegele vikapanda. Nikizima indiketa wanazomea, "Aaaah!" Nikiwasha wanashangilia. Mama mmoja aliyevaa dera la kijani akashuka garini, akaja mpaka kwangu akicheza.

"Baba, hii unakodisha shilingi ngapi?"

"Viti au turubai, mama?"

"Disko!"

Akaipiga picha namba ya simu iliyo mlangoni, akarudi garini kwake bila kuacha kucheza.

Furaha yetu iliishia Tazara, chini ya ile barabara ya juu ya Mfugale. Trafiki akainua mkono. Akalizunguka tela, akasoma maandishi ya shemeji, akatikisa kichwa.

"Habari za jioni, mzee."

"Salama, afande."

"Washa indiketa ya kushoto."

Nikawasha.

"Sasa hapo unakwenda wapi?"

"Kushoto, afande."

"Wewe unakwenda kushoto. Tela linakwenda kila mahali." Akatoa kimashine chake, 30,000 ikaandikwa, karatasi ikatoka. Kusema kweli sikuwa na la kubishana. Tena akatuonyesha mahali pa kuegesha, akasema tusiondoke mpaka tela lijue linakotaka kwenda.

Fundi hakosekani. Alitokea gizani na boksi la vifaa, jitu la miraba minne, tumbo limetangulia. Akauliza swali moja tu, gari ni la volti ngapi, na jibu langu hakulisubiri. Nimeshaona kwa mafundi wa taa wengi kwamba ugonjwa huanzia kwenye kile kilichomo ndani ya boksi lao. Huyu alikuwa na balbu. Kwa hiyo tatizo ni balbu. Akatoa zetu, zikiwa nzima, akaweka zake. Balbu ya nyuma ina nyaya mbili ndani, mmoja wa wati 5 wa taa ya usiku na mwingine wa wati 21 wa breki, na vijipini vyake vya ubavuni havilingani, kimoja juu kimoja chini, makusudi usiiingize kinyume. Yeye aliingiza kinyume. Ikagoma, akaikaza kwa plaizi, ikakubali kwa kulia. Na zilikuwa za lori, za volti 24. Kwenye pikapu ya volti 12 zilitoa mwanga wa kijinga cha sigara.

"Umeme wenu mdogo," akasema.

Kisha akachoka, akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye kile chuma cha mbele cha tela, pale linapoungana na gari. Shemeji alikuwa nyuma anaangalia. Akapiga kelele: "Shem! Indiketa ya kushoto inapepesa peke yake! Kulia kumetulia!"

Fundi akainuka kwa ushindi aje ajionee. Zikarudia ukichaa. Akarudi kukaa. Zikatulia. Akainuka. Wazimu. Watu wakaanza kukusanyika, wauza karanga wawili, dereva wa bajaji, mzee mwenye tasbihi. Kila fundi akikaa wanasema "Ndiyooo," akiinuka "Laaa." Jamaa akafikiri sana, halafu akatoa ushauri wake wa kitaalamu: tutafute mtu mwenye uzito wa kutosha akae pale mpaka Mbagala. Wote wakamwangalia shemeji, ambaye hana hata kilo 60.

Aliyetuokoa alikuwa utingo wa lori lililokuwa limeegeshwa nyuma yetu likisubiri zamu ya bandarini. Kijana mwembamba, kandambili miguuni, mswaki mdomoni. Alikuwa akitazama ile sinema muda wote bila neno. Akauliza, "Waya mweupe umefungwa wapi?"

Hakuna aliyejua. Akaingia uvunguni, akaeleza akiwa humo humo, mswaki haujatoka. Manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki. Huo mweupe ndio ethi, njia ya umeme kurudi. Ukikosa ethi, umeme ulioingia breki unajipenyeza kwenye balbu za jirani kutafuta pa kutokea, ndiyo maana ukigusa moja zinaitikia zote. Tela lilikuwa linapata ethi ya kuibia kupitia pale linaposhikana na gari, na grisi imekaa katikati. Fundi akikaa, chuma kinagusa chuma.

"Nani kapaka rangi mpaka kwenye bolti?"

Kimya. Mzee wa tasbihi akamnyooshea kidole shemeji, sijui alijuaje.

Kijana akafungua bolti iliyoshika ule waya mweupe kwenye chesisi. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na rangi ya buluu, nene, inang'aa, nzuri kweli. Akaikwangua kwa kisu, akamalizia na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza. Tukarudisha balbu zetu. Nikawasha kushoto, ikawaka kushoto. Nikakanyaga breki, nyekundu mbili, kali, pande zote. Waliokusanyika walisikitika wazi wazi, wakatawanyika. Utingo alitaka soda. Fundi alitaka 15,000, na tulibishana naye muda mrefu kuliko utengenezaji wenyewe.

Jumamosi iliyofuata yule mama wa dera la kijani akapiga simu. Viti 150, sendofu ya binti yake Kigogo, na akasisitiza nije na tela lile lile. Nikaenda nalo. Akalisubiri barazani na wenzake, simu mkononi tayari kurekodi. Nikakata kona ya kuingilia kwake, indiketa ya kulia ikapepesa peke yake, kwa adabu.

"Baba, mbona umeniletea lingine?"

"Ndilo hili hili, mama. Tumelitengeneza."

"Nani alikutuma?"

Shemeji akaninong'oneza kama ailegeze ile bolti kidogo. Nikamkanyaga mguu. Tulishusha viti vyote, tukafunga turubai, na wakati wa malipo mama akahesabu pesa zake mbele ya wenzake, kisha akarudisha 20,000 kwenye pochi.

"Hiyo ya disko," akasema. "Sijaliona."