Mtoto Anachora, Hiyo Ndiyo Habari

Kiangazi kikiingia, ukoo wetu huandikiana. Siku hizi si barua za bahasha, ni ujumbe mrefu wa simu unaopita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, lakini kazi yake ni ileile: kila nyumba inaeleza imefikia wapi tangu likizo iliyopita. Nani kahama, nani kaoa, nani alilazwa na ametoka salama. Hupenda kuzisoma habari hizo mpaka nifike kwenye aya ya watoto wadogo. Hapo mwandishi aliyekuwa akisimulia ghafla anaanza kutangaza. "Mtoto wetu ana kipaji cha ajabu."

Nina neno juu ya aya hiyo. Na kwa kuwa mwaka huu zamu ya kuandika ya nyumba yetu imeniangukia mimi, nianze na za kwetu.

Kifungua mimba amemaliza shule ya msingi na amempita mama yake kwa kimo, jambo analomkumbusha kila wakisimama karibu. Mama mtu mwenyewe amebadilisha kazi. Sasa anarudi nyumbani mapema, ingawa akili yake huchelewa kidogo kumfuata. Bibi yao, yaani mama yangu, ametolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulikwenda salama, na matokeo yake ni kwamba anaona vumbi katika nyumba ya kila mmoja wetu na halinyamazii.

Amebaki kitinda mimba. Ana miaka minne na ushei, na anachora.

Ningeweza kuandika kwamba ni mchoraji. Sitaandika hivyo, na sababu nitaieleza, ila kwanza michoro yenyewe. Kiangazi kilichopita karatasi zake zilikuwa mikwaruzo mitupu, kalamu ikienda na kurudi hadi karatasi itoboke. Baadaye duara likaanza kufungika, mwisho wa mstari ukakutana na mwanzo wake. Duara likaota macho. Kisha likaota miguu miwili mirefu inayoshuka moja kwa moja kutoka kidevuni. Kiwiliwili hakuna. Mikono, ikikumbukwa, inatokea pale yalipopaswa kuwa masikio.

Rhoda Kellogg, mwalimu wa watoto wadogo wa San Francisco, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya michoro ya aina hii. Mkusanyiko wake hukadiriwa kufikia karatasi milioni moja. Uchambuzi aliouchapisha mwaka 1969 ulionyesha kwamba watoto wa nchi mbalimbali hupita njia inayofanana sana: mikwaruzo, duara, duara lenye miale, halafu huyo mtu wa kichwa na miguu. Kwa hiyo kiumbe aliyenifanya niite nyumba nzima ije kutazama anachorwa na watoto wengi mno wakifika umri huo, pasipo kufundishwa na mtu.

Kuna watakaoona kwamba kujua hilo kunapunguza utamu. Kwangu kumeuongeza. Njia ni ya watoto wote, lakini watu waliomo katika karatasi ni wa kwetu. Muda mfupi baada ya upasuaji alimchora bibi yake akiwa na macho matatu. Nikamuuliza la tatu ni la nini. Akanieleza taratibu, maana ilionekana nimechelewa kuelewa, kwamba mawili ni ya zamani na moja ni lile alilopewa na daktari. Mfaransa Georges-Henri Luquet aliandika mwaka 1927 kwamba mtoto wa umri huu huchora anachokijua, hata kama jicho halikioni: viti vinaonekana kupitia ukuta wa nyumba, mtoto anaonekana ndani ya tumbo la mama. Basi bibi mwenye macho matatu ni mchoro sahihi kabisa. Umesema katika duara moja yale niliyoyasema mimi kwa aya nzima ya ujumbe. Bibi mwenyewe ameubandika mahali ambapo kila mgeni lazima auone.

Nilipotuma picha ya mchoro huo, majibu yalimiminika. Huyo msanii! Damu ya babu yake hiyo. Mpelekeni kwa mwalimu mapema, kipaji kisipotee. Wote walikuwa na nia njema, na siwezi kumlaumu mtu kwa kumpenda mtoto. Ila mjomba wake alikwenda mbali zaidi: aliahidi zawadi kwa kila mchoro.

Uzalishaji ukapanda papo hapo. Karatasi ikawa inapata mstari mmoja, labda miwili, kisha inakabidhiwa na mkono unanyooshwa. Mtu ambaye hapo nyuma aliweza kukaa nusu ya asubuhi akimtafutia bibi mahali pa jicho la tatu sasa alikuwa anafunga hesabu.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo watachora. Kundi la pili walipewa cheti hichohicho bila kuahidiwa kitu. La tatu halikupata chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, hakuna ahadi, kila mtoto acheze anavyotaka. Walioahidiwa cheti walizigusa kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Na hata siku ya kuchorea cheti, michoro yao ilihukumiwa kuwa duni zaidi na watu wasiojua nani aliahidiwa nini.

Kinachonivutia ni kundi la pili. Zawadi ya ghafla haikuwaharibu. Kilichoumiza ni mkataba, ile hali ya mtoto kuambiwa mapema kwamba kuchora ni kazi ya kupatia kitu kingine. Mjomba nilimsomea matokeo hayo. Akasema basi atakuwa anashtukiza, na kusema kweli hilo sikuwa na hoja ya kulipinga.

Sasa turudi kwenye maneno. "Wewe ni msanii" nayo ni zawadi ya aina yake, na ina masharti yaliyofichika: msanii hakosei. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto wa darasa la tano waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi, na wengi zaidi walidanganya kuhusu alama walizopata. Hao ni wakubwa kuliko wetu, na ubishi juu ya ukubwa wa athari hizo umeendelea tangu hapo. Hata hivyo sijaridhika na dawa inayotolewa, kwamba badala ya "una akili" tuseme "umejitahidi". Nimewasikia wazazi wanaolitamka hilo kwa kila kitu, hadi mtoto aliyevaa viatu vyake anaambiwa amejitahidi sana. Ni muhuri uleule, wino tu umebadilishwa. Kwangu swali hufaa kuliko sifa. Huyu nani? Anakwenda wapi? Mbona miguu ya baba mifupi kuliko ya paka? Hapo unapata hadithi nzima, na mtoto anajua umetazama.

Ajabu nyingine ya aya za vipaji ni jinsi zinavyochagua. Kuchora, kuimba, kuhesabu, kusoma mapema, basi. Kitinda mimba wetu amepata uwezo mkubwa zaidi kiangazi hiki na hakuna ndugu aliyetuma pongezi: amejifunza kujificha, na amejifunza kudanganya.

Hapo awali tukicheza kujificha alikuwa akifunika macho na kusimama katikati ya chumba. Akiulizwa uko wapi, anajibu, "Hapa!" Sasa anajibana nyuma ya pazia na kuzuia pumzi. Na juzi kalamu ya kaka yake ilipopotea alinitazama usoni akaniambia bibi ndiye aliyeichukua, bibi ambaye wakati huo hakuwapo nyumbani. Uongo mbovu, lakini tazama kilichohitajika ili autunge. Lazima ajue kwamba kilicho kichwani mwake hakimo kichwani mwangu, na kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walilipima hilo mwaka 1983 kwa hadithi ya mvulana aliyeweka chokoleti yake kabatini, kisha ikahamishwa akiwa hayupo. Ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu wengi husema ataitafuta pale ilipo sasa. Kuanzia karibu miaka minne wengi zaidi huanza kujibu kwamba ataitafuta pale alipoiacha. Huo ndio mlango wa utani, siri, huruma na usaliti. Kalamu ilirudishwa, mkosaji akasemeshwa, na baba mtu nikaenda jikoni kucheka.

Katika mazungumzo haya kuna jina ambalo halikosekani: Mozart, mtunzi wa muziki wa karne ya kumi na nane. Kila anayetaka mtoto wa miaka minne apelekwe kwa mwalimu hulitaja. Nami nalitaja, kwa sababu tofauti. Mwaka 1759 baba yake, Leopold Mozart, alianzisha daftari la vipande vya muziki kwa ajili ya kumfundishia binti yake Nannerl. Daftari lilikuwa la dada. Mdogo wake Wolfgang, mtunzi mwenyewe, alipoanza kudokoa nyimbo zilizomo, baba aliandika pembeni. Karibu na kipande kimoja aliandika kwamba Wolfgang alijifunza minueti hiyo katika nusu saa, saa tatu na nusu usiku, tarehe 26 Januari 1761, siku moja kabla ya kutimiza miaka mitano. Mimi hiyo naiona kuwa barua ya familia iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Kipande kipi, muda gani, siku ipi. Neno "kipaji" halimo.

Mambo yalibadilika watoto walipokuwa maonyesho. Kuanzia 1763 hadi 1766 familia ilizunguka Ulaya, mtoto akicheza huku kinanda kimefunikwa kitambaa, wakuu wakishangaa. Nannerl alicheza pia, na alisifiwa sana. Alipofikia utu uzima alibaki nyumbani huku baba na mdogo wake wakisafiri. Leo ni wangapi wanaotaja daftari lile wanakumbuka lilinunuliwa kwa ajili ya nani?

Kifungua mimba wetu alisoma rasimu ya ujumbe wangu kabla sijautuma. Akahesabu mistari. "Kumbe mimi habari yangu ni urefu tu?" Alisema kwa mzaha, ila alisema. Nikamwambia aniongezee anachotaka kijulikane. Akaongeza kwamba mwaka huu ndiye aliyemtia bibi yake matone ya macho kila jioni baada ya upasuaji, na mkono wake haukutetemeka. Nilikuwepo jioni zile na sikuwa nimeona kwamba hilo lilikuwa la kuandikwa.

Na tusijipe kazi ya kutabiri. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman alianza huko California kufuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliochaguliwa kwa alama za juu za vipimo vya akili. Wengi wao waliishi maisha mema ya kawaida. Miongoni mwa waliopimwa na kuachwa kwa kutofikia alama walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968. Kama wataalamu wenye vipimo waliwapita watu hao, shangazi mwenye simu asijisumbue sana.

Simaanishi watoto wasifundishwe. Akija mwenyewe kuuliza mkono unachorwaje, nitamwonyesha ninavyojua, na nisipojua nitamtafutia anayejua. Kwa sasa anachohitaji ni karatasi, kalamu na asubuhi isiyopangiwa kitu. Pia anahitaji kuulizwa. Nilipotaka kutuma mchoro mwingine, ule wa mama yake akiwa na miguu sita kwa sababu "anakimbia", alikataa kata kata kwamba hautoki nyumbani. Haujatoka.

Mjomba bado anauliza mwalimu wa kuchora atapatikana lini. Nimemjibu kwamba karatasi zimeisha, alete karatasi, na asimwambie mtoto kwamba analeta.