Mshumaa wa kwanza si wa Wazungu

Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kuingoja Krismasi, tukitoka ibadani, mtoto wa kama miaka saba alimwomba baba yake watengeneze shada la mishumaa nyumbani kama lile la kanisani. Baba akamjibu: "Hayo ya mishumaa ni mambo ya Wazungu. Krismasi yetu sisi ni pilau na nguo mpya." Mtoto akanyamaza. Nami nilikuwa pembeni yao, nikanyamaza, na tangu siku hiyo sina amani.

Shada limetoka Ujerumani, hilo silipingi. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto wa mafukara huko Hamburg, nao kila siku walimuuliza Krismasi imebakiza siku ngapi. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa mikubwa minne kwa Jumapili na midogo kwa siku za katikati, wakawa wanaongeza mmoja kila siku. Alitumia kilichokuwepo, kwa watoto wasio na kitu. Hapo ubaya uko wapi? Hata pilau ilitujia kwa njia ya bahari, tukaifanya yetu.

Mama yangu kule Machame, Kilimanjaro, hakuwa na gurudumu. Alikuwa na sinia la bati. Alilizungushia majani ya masale aliyokata mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akasimamisha mishumaa minne ya dukani, ile myeupe ya kuwasha umeme ukikatika. Aliyezaliwa Uchagani anajua uzito wa sale: ukimkosea mtu ukamwendea nalo mkononi, hana ruhusa ya kukufukuza. Basi kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, kabla kitinda mimba hajawasha, mama aliuliza: nani ana neno na nani?

Mwaka mmoja baba alisimama bila kusema kitu. Akachomoa jani moja kutoka kwenye sinia, akatoka gizani kwenda kwa baba mdogo. Walikuwa hawasalimiani kwa muda mrefu kwa sababu ya mpaka huo huo. Tulikaa tukiutazama mshumaa, mama hataki tule. Nta ilikuwa imeshuka nusu tuliposikia nyayo za watu wawili mlangoni.

Maneno ya Yohana Mbatizaji, "Itengenezeni njia ya Bwana," nilikuwa nimeyasikia kila mwaka. Usiku ule niliiona hiyo njia: inapita katikati ya migomba, hatua chache tu kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Ndiyo maana inaniuma tunaporuka wiki nne nzima. Nyimbo za Noeli zinapigwa madukani tangu Novemba, na ikifika tarehe 25 masikio yameshachoka. Nakubali, Desemba ni ngumu: nauli za kwenda nyumbani, ada za Januari zinakodoa macho. Lakini mishumaa minne haimfilisi mtu, na kumwendea ndugu yako hakuna bei. Tunasafiri umbali wote ule kwenda kula nyama meza moja na watu tuliowanunia, halafu tunasema Mwokozi amezaliwa. Amezaliwa wapi, kama hatukumwachia nafasi?

Jumapili ijayo nitamtafuta yule baba nje ya kanisa. Nitampa mtoto mishumaa minne. Baba nitampa jani la sale, kwa sababu nilisikia na nikanyamaza.