Msiidharau Chupa ya Euro 12

Wiki iliyopita mgeni wangu aliitazama chupa niliyoiweka mezani, akauliza bei yake, kisha akaisogeza kando na kuomba "divai ya maana". Ilikuwa Muscadet, divai nyeupe, ya mkulima mdogo wa kilimo hai, huko karibu na Nantes, magharibi mwa Ufaransa, euro 12. Mgeni ni mgeni, nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Watu wanaamini kwamba bei ya divai hupima kazi iliyofanyika shambani. Haipimi. Shamba la Romanée-Conti, kule Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, hulimwa kibayodinamiki, yaani kilimo hai kinachofuata pia kalenda ya mwezi, na chupa yake moja huuzwa kwa maelfu ya euro. Pembeni mwa Nantes wapo wanaolima kwa kanuni hizo hizo: samadi ile ile ya ng'ombe iliyofukiwa ndani ya pembe msimu mzima wa baridi, maji yale yale ya mitishamba, wala hawagusi dawa za kuulia magugu. Wao wanauza kwa bei ya chakula cha mchana. Tofauti ni jina la mahali, uchache wa chupa, na matajiri wanaozigombania. Jina la Muscadet lilichafuliwa na divai nyepesi, isiyo na ladha, iliyomwagwa madukani miaka mingi, na leo anayelipia ni mkulima mwangalifu ambaye hakuitengeneza.

Tena analipia kwelikweli. Ule ni ukanda wa mvua za Atlantiki, na ubwiri, ugonjwa wa ukungu wa majani, hauna huruma. Jirani yake anapuliza dawa ya kiwandani inayopenya ndani ya jani, basi, amepumzika kwa siku kadhaa. Yeye ana mrututu, yaani dawa ya shaba, na salfa, zinazokaa juu ya jani tu. Mvua ikinyesha zimeoshwa, arudi shambani, hata iwe Jumapili. Waliowahi kupulizia mikorosho salfa kule Mtwara wanaijua kazi hiyo. Na mrututu wenyewe una kikomo: sheria ya Ulaya inaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Magugu anayang'oa kwa jembe, mstari kwa mstari. Anapoanza kuligeuza shamba, miaka 3 nzima anabeba gharama zote hizo bila haki ya kuiita divai yake ya kilimo hai. Halafu inakuja jalidi kama ile ya Aprili 2021, inaunguza machipukizi karibu Ufaransa nzima, na mwenye hekta chache hana akiba ya kumvusha. Guy Bossard wa Domaine de l'Écu, shamba la Muscadet, alishika njia hii tangu miaka ya 1970. Ukiniambia kazi ya namna hiyo si ya maana, tutagombana.

Kuna na wanaopelekwa mahakamani. Emmanuel Giboulot, mkulima wa kibayodinamiki wa Burgundy, alitozwa faini mjini Dijon mwaka 2014 kwa kukataa kupuliza dawa ya wadudu iliyoamriwa na serikali. Rufaa ilimwachia huru mwaka huo huo.

Haya, nakubali: habari za pembe na kalenda ya mwezi, zilizotokana na mihadhara ya 1924 ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa aliyeanzisha kilimo cha kibayodinamiki, hazijanishawishi. Lakini anayefuata kalenda hiyo analazimika kuwa shambani kila mara, akiitazama mizabibu yake kwa macho, na hilo nalionja kwenye glasi. Nakubali pia kwamba shaba hubaki udongoni. Na chupa mbovu za kilimo hai zipo, nimezimwaga.

Ile niliyomwekea mgeni wangu haikuwa mbovu. Ilikaa juu ya mashapo ya chachu yake majira yote ya baridi ndipo ikatiwa chupani, na ndiyo maana ina uzito mdogo ulimini pamoja na ule ukali wenye chumvichumvi. Wenyeji huinywa na chaza. Mimi naipenda na samaki wa kupaka, ndimu nyingi, nazi isiwe nzito mno. Jaribuni pia Amphibolite, Muscadet ya mkulima Jo Landron, iliyopewa jina la mwamba uliomo shambani mwake.

Mkiwa dukani, geuzeni chupa. Tafuteni jina la mkulima na kama divai imetiwa chupani shambani kwake, maana kampuni kubwa nazo zinaijua vizuri nembo ya kilimo hai. Mkimpata, mlipeni bei aliyoitaja, wala msiombe punguzo.