Jiji Lilivunjwa, Sisi Tukasikia Kwenye Taarifa ya Habari

Mei 2022 nilipewa karatasi ya kura hapa Bristol: mji uendelee na meya anayechaguliwa na wakazi, au uongozwe na kamati za madiwani? Nina pasipoti ya Tanzania, lakini raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali hupiga kura za mitaa. Cheo chenyewe kilianzishwa kwa kura ya wakazi mwaka 2012. Upande wa kamati ulishinda, na Mei 2024 kikafutwa.

Nikiwa na penseli mkononi nilikumbuka Februari 2021. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, basi. Na si mara ya kwanza. Mwaka 1996 madiwani waliondolewa, ikaja Tume ya Jiji; 2000 tukapata manispaa tatu. Nani kati yenu aliulizwa?

Najua mtaniambia nimeonja Ulaya nimeanza kuwadharau. Siwadharau! Ile halmashauri ya jiji ilikaa juu ya manispaa, ambazo kufikia 2021 zilikuwa tano, na pengine kuivunja kulikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ningepiga kura ivunjwe. Ningepiga, ndiyo maana inaniuma. Mwingine atasema Waingereza nao walifuta baraza la London mwaka 1986 bila kuwauliza wenye mji. Ni kweli, na lilikuwa kosa. Lakini 1998 wakazi wa London waliulizwa kama wanataka meya, wakakubali.

Wala huku si peponi. Siku ile ya kura hata theluthi ya wapiga kura haikufika. Kwetu watu husimama juani kwenye mkutano wa mtaa wakimbana mwenyekiti kuhusu mtaro uliojaa taka, mama mmoja kambeba mtoto mgongoni na hakai chini mpaka ajibiwe. Watu hao mnasema hawawezi kujibu swali moja kuhusu jiji lao? Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Shangazi yangu yuko Temeke, hajawahi kuishi nje ya Dar. Majuzi kanipigia: "Mwanangu, hivi sisi bado tumo jijini?" Ikabidi nimweleze kwamba Halmashauri ya Jiji siku hizi ni ile iliyokuwa Ilala, na yeye hayumo.