Siku ya kwanza ya kampavani isiwe ya kwenda mbali

Ukimwuliza mtu anayejiandaa kuchukua kampavani (gari lenye kitanda na jiko ndani) ya kukodi kwamba usiku wa kwanza atalala wapi, mara nyingi atakutajia mahali palipo kilomita 300 au 400 kutoka kwa mkodishaji. Hesabu yake inaeleweka: gari hulipiwa kwa siku, kwa hiyo siku isiyofika mbali anaiona kuwa fedha iliyomwagwa. Nami nilikuwa na hesabu hiyohiyo, ila nimeiacha. Kwa maoni yangu, siku ya kwanza haifai kuzidi kilomita 50, na sehemu kubwa ya asubuhi yake ipite gari likiwa bado limeegeshwa uwanjani kwa mwenyewe, milango yote ikiwa wazi na mteja akiuliza maswali hadi mhudumu aanze kutazama saa.

Gari la kwanza nililokodi nilikabidhiwa kwa dakika kumi. Mhudumu alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na haraka kumshinda, na kila aliponiuliza kama nimeelewa niliitikia kwa kichwa. Jioni, mvua ikinyesha, nilifungua bomba la sinki lisitoe hata tone, ingawa tangi nilikuwa nimeliona kwa macho yangu likijazwa. Nilipekua makabati kwa tochi ya simu karibu saa nzima, kisha nikalala na njaa, sufuria kavu ikiwa juu ya jiko. Asubuhi, nikitafuta soksi chini ya benchi, kidole changu kiligusa swichi isiyozidi ukubwa wa ukucha. Niliibonyeza, na pampu ikaanza kunguruma.

Nadhani makosa ya namna hii humpata zaidi msafiri wa begi la mgongoni, kwa sababu ya uzoefu wake wenyewe. Mtu huyu amezoea kujua kila kitu chake kilipo hata gizani, kwa kupapasa tu, na anapoingia katika kampavani hudhani amepata begi kubwa zaidi lenye magurudumu. Kumbe amepata nyumba ndogo yenye maji, gesi, umeme na injini, na kila kimojawapo kina swichi, valvu au fyuzi yake mahali ambapo fundi aliona panamfaa yeye. (Jambo moja analomzidi mwenye sanduku gumu ni kwamba begi lake likishamwagwa hukunjwa na kusukumwa chini ya kitanda, ilhali sanduku hubaki katikati ya njia safari nzima.)

Kwa hiyo uwanjani nataka kila kitu kiwashwe mbele yangu. Jiko liwake na kuzimwa, na nionyeshwe valvu ya mtungi wa gesi inafungwaje na king'ora cha hewa ya sumu ya kaboni monoksidi kiko wapi, kwa sababu hewa hiyo haina rangi wala harufu, na watu wamekufa usingizini kwa kuacha jiko likiwaka ili wapate joto. Nataka pia kujua betri ya sehemu ya kulala ni ya aina gani. Kwa kawaida huwa ni tofauti na ile ya kuwashia injini, na ikiwa ni ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo anayeacha friji na taa zikiwaka usiku kucha huidhoofisha haraka. Kuhusu mafuta, nasoma maandishi yaliyo ndani ya kifuniko cha tangi badala ya kuamini kumbukumbu yangu, maana petroli ikitiwa katika injini ya dizeli safari huishia hapo.

Mikwaruzo kila mtu hukumbuka kuipiga picha. Wanachosahau ni paa na upande wa chini, ambavyo ndivyo bima nyingi za magari ya kukodi huviacha nje. Masharti hufuata mazingira ya nchi: huko Iceland uharibifu wa mchanga na majivu huwekewa bima yake ya pekee, na gharama ya mlango uliopindwa na upepo mara nyingi humwangukia aliyeufungua. Kimo cha gari nakiandika kwenye karatasi na kukibandika karibu na usukani, kwa kuwa gari lenye paa lililoinuliwa laweza kupita mita 2.6 huku maegesho mengi ya chini ya majengo yakiishia mita 2 na kidogo.

Hoja ya usiku wa kwanza kuwa karibu ni rahisi: kikikosekana kitu, unarudi. Aliye kilomita 400 mbele harudi. Huvumilia friji isiyopoa kwa wiki mbili. Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni kwamba betri ya ndani hujazwa zaidi injini inapozunguka, kwa hiyo safari fupi huenda isiijaze. Jibu langu ni kulala usiku huo katika kambi yenye umeme wa kuchomeka. Kambi hiyo pia hukuokoa na swali la wapi panaruhusiwa kulala, ambalo si la kujibiwa usiku kwa kubahatisha. Haki ya kila mtu nchini Norway ya kutembea na kupiga hema porini haiyahusu magari. New Zealand nayo, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023, haitambui gari kuwa linajitegemea, sifa inayohitajika mara nyingi ili kulala nje ya kambi, mpaka liwe na choo kilichofungwa imara ndani yake.

Fika jua lingalipo, tafuta ardhi iliyo sawa na tandika kitanda kabla ya kupika. Katika magari mengi kitanda ndiyo meza, na kukibadilisha kwa mara ya kwanza gizani, chakula kikipoa mkononi, kumewagombanisha watu waliokuwa marafiki hadi saa kumi na mbili jioni.

Na njiani simama mapema usikilize. Katika gari la mwisho nililokodi nilisimama mara tatu ndani ya kilomita kumi za kwanza kwa sababu ya mlio wa chuma uliokuja kila nilipokata kona. Mara ya kwanza nilikaza mtungi wa gesi, mara ya pili nikahamisha sufuria, mara ya tatu nikavuta droo yote nje na kumulika nyuma yake: kijiko, kimekwama pasipofika mkono, pengine tangu mteja aliyenitangulia. Nikairudisha droo, nikawasha gari, na tukaenda nacho kikilia hivyohivyo kwa siku tisa.