Jogoo Aliyepakwa Rangi Nyeusi

Wiki iliyopita nilikwenda Kikwajuni, hapa mjini Zanzibar, kuangalia pikipiki. BSA Bantam, ile ndogo ya toleo la D1 iliyoundwa Birmingham, Uingereza. "Imekarabatiwa yote, ami, utadhani imetoka kiwandani jana," muuzaji aliniambia kwenye simu. Milioni kumi na mbili. Aliifunika shuka uani, na alipoifunua nakiri moyo ulinidunda: nyeusi tii, mistari ya dhahabu, nikeli inang'aa mpaka unaziona ndevu zako.

Kisha nikaweka kiganja kwenye injini. Ya moto.

Mtu akiipasha moto pikipiki kuukuu kabla mnunuzi hajafika, ana lake jambo. Injini ya moto huwaka kwa kiki moja hata kama ringi za pistoni zimekwisha. Nikamwambia tuiache ipoe kwanza. Tukakaa barazani, tukaagiza kahawa, na hapo mzee mmoja wa jirani akauliza taratibu, kikombe mkononi: "Hii si ile ya kijani?"

Ndiyo hiyo hiyo. D1 zilipoanza kutoka mwaka 1948 zilikuwa za kijani kilichofifia, na kwenye tangi kibandiko cha jogoo, maana bantam ni jina la kuku wale wadogo wadogo. Na huyo jogoo asili yake si Mwingereza. Mchoro wa injini ulikuwa wa pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125; baada ya vita Waingereza wakauchukua kama sehemu ya fidia, BSA wakaugeuza kushoto kulia, ndiyo maana gia yake unaitia kwa mguu wa kulia. Warusi na Wamarekani nao walinakili pikipiki ileile, na Yamaha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, ilitokana na huyo huyo Mjerumani. Kwa hiyo bodaboda ya Yamaha inayokupita mbio Michenzani ni jamaa ya hii Bantam, ingawa dereva wake hajui.

Sasa yote hayo yamefunikwa rangi nyeusi. Nilipomuuliza kwa nini, muuzaji hakuficha: anatafuta mtu wa hoteli aiweke mlangoni, wageni wapige picha. Simlaumu, kila mtu na riziki yake. Lakini kama ni pambo, aseme ni pambo na aiuze kwa bei ya pambo.

Maana nilipoinama nikaziona nati. Pembe zimeliwa, zimekuwa mviringo kama shanga. Pikipiki za Kiingereza za wakati ule hazifunguki kwa spana zetu za namba 10 na namba 13. Zina spana zake, za kipimo cha Whitworth. Ukilazimisha ya kwetu inateleza na kuila nati. Basi aliyeifungua hakuwa na vifaa, na nati ya injini iliyoliwa hunifanya nijiulize na ndani kulifanywa nini. Nikapitisha kidole chini ya madigadi ya nyuma: rangi imeshaanza kuvimba vipele, kutu iko chini yake. Hapa kwetu upepo wa bahari hausubiri. Kutu usipoikwangua mpaka chuma cheupe, masika moja tu inarudi juu.

Kinachoniuma ni kwamba kuitengeneza kweli kunawezekana hapa hapa. Ni injini ya 123 cc inayochanganya oili na petroli, kama Vespa za zamani, na mafundi wa Vespa tunao wanaoweza kuifungua kabureta wamefumba macho. Pesa za ile nikeli zingetosha kumlipa mmoja wao. Mimi ningeipenda zaidi na kijani chake kilichochubuka, mradi iwake asubuhi.

Injini ilipopoa akapiga kiki kumi na saba. Nilizihesabu. Ilipowaka ikatoa moshi uani kote, bibi mmoja akafunga dirisha.

Nikauliza vile vyuma vya asili alivyovibadilisha viko wapi. Amewauzia wa skrepa, kwa kilo. Nikamtajia bei yangu, akacheka, tukaagana vizuri.

Bado iko pale. Ukitaka kwenda kuiangalia, nenda bila kumpigia simu.